Kwa Mumbua, Uliyepimwa Uso kwa Ajili Yangu

Dada yangu Mumbua,

Jumanne iliyopita mama mmoja wa Katelembo aliingia dukani na kitenge chini ya kwapa, akanikuta nimeinama kwenye cherehani. Nilipoinua uso akasema, "Mumbua, si walisema..." halafu akajiziba mdomo. Nikamwambia mimi ni Nduku, yule mdogo. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaomba maji. Nikampa. Alipomaliza kunywa tulipima gauni lake, mabega, kifua, kiuno, na hakuna aliyelitaja jina lako tena. Lakini alipotoka niliweka futi mezani nikajua siwezi kungoja zaidi.

Naiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu lawama ulibebeshwa wazi. Haikusemwa chumbani. Ilisemwa sokoni Mwala, ikasemwa nje ya kanisa watu wakitoka ibadani, ikasemwa kwenye harusi za watu na wewe umesimama hapo na sahani mkononi. Haifai basi mimi nikuombe msamaha kwa kunong'ona.

Unamkumbuka yule punda wa kijivu ambaye baba alimnunua Kithimani. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi na sita. Tulishuka mtoni kwenye bwawa la mchanga, pale ambapo unafukua mchanga kwa bakuli mpaka maji yatoke, kisha unayachota polepole yasichafuke. Ulichota wewe, nikajaza mimi. Tulipakia mitungi mitatu. Wa nne uliniponyoka, ukaanguka juu ya jiwe, maji yote yakarudi mchangani.

Ulikuwa umeishika kamba karibu na mdomo wa punda, unamsugua shingo. Baba alikuwa ametufundisha hivyo: mmoja anapakia, mmoja anashika, na anayeshika asiachilie hata nyuki wakija.

Nikakuambia, "Achilia, uende uchote mengine. Mimi niko naye."

Ukasema, "Baba alisema mmoja ashike."

"Mumbua, si nimesema niko naye? Nipe hiyo kamba."

Ukanipa. Ulihakikisha vidole vyangu vimeifunga ndipo ukaachilia vyako. Ulipofika kwenye shimo la maji ukapiga magoti, mimi niliitupa kamba chini, nikazunguka nyuma ya punda nikiwa na ule mtungi mtupu, nikampiga nao matakoni kwa hasira zangu. Mara moja, halafu mara ya pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mahali pale hapakuwa na mtu mwingine, ni wewe na mimi tu.

Teke lenyewe silikumbuki. Nakumbuka mchanga mdomoni, na sauti yako. Nakumbuka ulinibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa hivyo, ukapanda nami mteremko wote hadi barabarani, na ulikuwa unahesabu hatua kwa sauti ili nisilale. Ukisahau ulipofika, unaanza tena moja.

Baba alitukuta kwenye zahanati. Nilikuwa nimelazwa, uso umefunikwa taulo, jicho moja tu liko wazi. Aliuliza jambo moja: "Nani alikuwa ameshika kamba?"

Sikuweza kusema. Mfupa wa pua ulikuwa umevunjika na kuzama, shavu la kushoto limeingia ndani, mdomo umejaa damu. Lakini mkono wangu ulikuwa mzima. Niliutoa chini ya shuka nikakunyooshea kidole wewe. Ulikuwa umesimama mlangoni, gauni lako lina damu yangu toka begani hadi kiunoni. Ulikiangalia kidole changu. Kisha ukainamisha kichwa, na baba akadhani umekiri.

Hakukupiga. Nimewahi kufikiri kwamba angekupiga yangeisha siku hiyo. Alimuuza punda, na tangu hapo hakukupa tena kitu cha kushika. Mbuzi akizaa: "Mpe Nduku amshike." Taa ikihamishwa: "Mpe mtu mwingine." Siku ya kubatizwa kwa mtoto wa binamu yetu ulikuwa umempakata, mzuri, ametulia, shangazi akaja akamtoa mikononi mwako akicheka, "Huyu wetu tunamtaka na uso wake." Watu wote wakacheka. Ukacheka nao. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kitambaa changu cha kuficha uso, nikanyamaza, na kwa kweli, Mumbua, nilifurahi kidogo kwamba wanakuangalia wewe na sio mimi.

Ulipojifunza ushonaji na kupata duka mjini Machakos, ulinichukua nikae nawe. Uliniwekea kiti nyuma ya pazia, nifunge vifungo na kupinda marinda mahali wateja hawanioni. Nilikuwa nimeomba mwenyewe kukaa huko. Usiku nilikuwa napumua kwa mdomo, naamka koo limekauka. Mchana pua ilikuwa inapiga mluzi nikipanda ngazi. Watoto wa jirani walikuwa wakinisikia wanakimbia. Ulieleza mambo yangu kwa kila mtu uliyempima nguo, ndipo muuguzi mmoja, aliyekuja kutengenezewa sare, akakuambia kuna daktari wa upasuaji wa uso anayekuja hospitali moja hapa mjini kila mwezi na timu yake, na kwamba wanatengeneza nyuso zilizovunjika zamani.

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu ulifunga duka Jumatatu asubuhi, ukaweka kufuli, ukaniambia, "Mimi naenda kumwona huyo daktari. Ukitaka nimwelezee uso wako kwa mdomo, sawa. Lakini nitakosea vipimo."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, anaongea polepole. Alinigusa uso kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akatuonyesha chumba chenye kiti kimoja na kamera sita zilizozungushwa kama nusu ya bakuli. Alisema zamani walikuwa wanapima uso kwa rula na chuma cha kubana, wanaandika upana na urefu, lakini uso una kina pia, una mabonde yake na milima yake, na hapo rula inashindwa. Kamera hizi zinapiga zote kwa pamoja, kufumba na kufumbua, halafu kompyuta inaziunganisha picha inapata umbo la uso mzima, unaweza kulizungusha na kupima kutoka popote hadi popote, mpaka milimita.

Walinifunga nywele nyuma, wakanipangusa mafuta usoni kwa sababu ngozi inayong'aa inazichanganya kamera, wakanitia vidoti vya wino pembeni mwa macho, chini ya pua, pembeni mwa midomo. "Kaa wima, angalia mbele, funga mdomo bila kukaza." Mwanga ukapiga. Nilipojiona kwenye kompyuta nikiwa nazunguka, nilitaka kutoka. Sikuwa nimewahi kujiona kwa upande. Kioo hakikuonyeshi pale palipobomoka kama ile picha ilivyonionyesha.

Daktari akaeleza. Shavu si shida, akasema, maana lile la kulia ni zima. Kompyuta inaligeuza kama kwenye kioo na kunipa la kushoto. "Lakini pua iko moja. Haina mwenzake wa kuigiza." Na picha yangu ya zamani ilikuwa ile ya shule peke yake, uso kama punje ya maharagwe.

"Si kuna vipimo vya kawaida vya pua?" nikauliza.

"Vipo. Lakini vingi vilivyo vitabuni vilichukuliwa kwa watu wa mbali. Nikivifuata nitakupa pua nzuri, ila haitakuwa ya kwenu."

Hapo ndipo ulipoingilia, na bado nakuona ulivyovuta kiti mbele. "Daktari, mimi ni fundi. Nguo ya kununua dukani haikai kama ya kupimwa. Si unipime mimi? Watu walikuwa wanatuchanganya tukiwa wadogo. Hata mama yetu alikuwa anaita majina yote mawili."

Daktari alikuangalia, akaniangalia, akarudi kwako. "Naweza kukupima. Lakini mjue mapema, mimi sikopi. Nitatumia gegedu, ule mfupa laini wa ubavuni mwa dada yako, na ngozi yake ndiyo itaamua itakaaje. Wewe utakuwa wa kuniongoza tu."

"Basi nipime nikuongoze," ukasema, na yule daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Walipokuwa wanaandaa kamera tulingoja kwenye benchi la ukumbini, wewe umefungwa nywele, una vidoti usoni. Ukawa unaniangalia. Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni kukuona unaenda kutoa hata uso wako.

Nikasema, "Mumbua, ile siku ya punda..."

"Mimi nilikuwepo, Nduku. Unataka kunisimulia?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umelala na taulo usoni. Nisimame hapo nibishane na mtu anayekufa?"

"Na baadaye? Nilipopona?"

Ukawa unakwaruza ukucha. "Baadaye ikawa imeshakaa. Kila mtu ameizoea. Na nikikuangalia uso nilikuwa nafikiri, huyu ameshapata yake, nimwongezee tena?" Kisha ukanigeukia na sauti ikawa ngumu, sauti ambayo hukuwahi kunitolea. "Lakini inaniuma. Usifikiri hainiumi. Mwambie baba. Mwambie mwenyewe, mimi usinitume."

Nikasema nitamwambia. Mlango ukafunguliwa wakakuita.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ulikuwa kando ya kitanda nilipoamka, na ulilala sakafuni juu ya leso mpaka muuguzi akakufukuza. Uso ulikuwa umevimba kama unga ulioumuka. Ulikuwa unaniambia kila siku, "Ngoja ushuke. Ngoja tu." Na mimi nikajiambia vivyo hivyo kuhusu baba: ngoja uvimbe ushuke, ngoja nipone, ngoja mvua ipite tuende nyumbani. Mwezi wa kwanza ukaisha. Wa pili, wa tatu. Tulikwenda Mwala mara mbili, nikala na baba, nikampelekea maji ya kunawa, sikusema. Mara ya pili tukirudi ulikaa ukiangalia dirishani njia nzima, na hukuniuliza.

Mwezi wa tano ulianza kukohoa. Ukasema ni vumbi la vitambaa. Siku ya nne nilikupeleka hospitali umeegemea bega langu, na wakasema mapafu yamejaa, na tulipokuwa bado tunatafutiwa kitanda uliniambia nisisahau gauni la yule bibi harusi, pindo bado. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Mumbua. Pindo la mtu mwingine.

Tulikuzika shambani, kwenye kona ya juu karibu na ua wa katani. Nilisimama na uso wangu mpya na watu walikuwa wananiangalia mimi badala ya jeneza. Nilimsikia mtu akisema nyuma yangu, "Angalau alimfidia mdogo wake." Nikanyamaza tena. Hata hapo.

Baada ya mwezi nilirudi kwa daktari kupimwa mara ya mwisho. Aliangalia mlangoni, akauliza, "Fundi wangu yuko wapi leo? Nilitaka aone kazi yake." Nikamwambia tulikuzika. Aliweka kalamu chini. Hakusema pole haraka haraka kama wengine. Alikaa, kisha akaniuliza kama naweza kuendelea au nirudi siku nyingine. Nikasema tuendelee.

Kompyuta ikauweka uso wangu juu ya uso wako. Palipolingana pakawa kijani, palipoachana pakawa na rangi nyingine. Pua ilikuwa kijani karibu yote, ila ncha kidogo, na upande wa tundu la kushoto. Daktari alinyoosha kidole hapo akasema, "Hapa ni wewe. Ngozi yako ilikataa." Nikalia. Nilimwomba daktari mama yetu, mwaitu kama tunavyomwita, aje aione picha yako, kwa sababu kwenye mazishi tuliweka ile ya kitambulisho, na mwaitu alikuwa amelalamika kwamba huyo hamjui. Daktari akakubali, akasema picha ni ya familia yetu pia.

Mwaitu alikuja wiki iliyofuata amevaa kitambaa cheupe kichwani, kile cha kwenda kanisani. Daktari akakufungua. Ukatokea, macho yako mbele, mdomo umefungwa bila kukaza, vidoti vyako. Mwaitu akasogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. "Aiya," akasema. "Aiya, Mumbua." Daktari akakugeuza kulia, akakugeuza kushoto. Akakuzungusha kidogo zaidi, na hapo tukaona kwamba nyuma hakuna kitu. Uso ni ganda tu, kama kibuyu kilichopasuliwa.

"Mbona nyuma hakuna kitu?" mwaitu akauliza.

"Kamera hazikufika nyuma, mama."

"Basi mrudishe aangalie huku."

Daktari akakurudisha. Mwaitu akakaa nawe kwa muda. Kisha akanigeukia, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha kidole gumba juu ya pua, polepole, akasema kwa upole kabisa, "Mungu ni mwema. Alichoharibu dada yako, alikitengeneza kabla hajaenda."

Alikuwa ananifariji. Hakujua alichosema.

Nikamtoa nje, nikamketisha kwenye benchi lile lile la ukumbini kwa kuwa lilikuwa ndilo la karibu, na nikamwambia yote. Nilianza na mtungi ulioniponyoka. Nilimwambia niliiomba kamba, na ulinipa baada ya kukataa, na niliitupa, na nilimpiga punda mara mbili. Nilimwambia kuhusu kidole. Watu walikuwa wanapita na kadi zao za hospitali. Mwaitu hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Yeye alijua?"

"Alijua siku zote."

Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga upya, akakifungua tena. "Nilikuwa namnyang'anya watoto mikononi," akasema. "Mimi pia. Sio shangazi peke yake." Kisha akasimama, tukapanda matatu kwenda Mwala.

Baba tulimkuta anarekebisha boma la mbuzi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Aliendelea kufunga waya kwa muda, kisha mikono ikasimama.

"Wewe uliniambia ni yeye."

"Nilikuonyesha kwa kidole, baba."

"Na mimi nikakiamini kidole." Akaangalia koleo alilokuwa ameshika kama kwamba mtu mwingine ndiye amempa. "Wewe ulikuwa mtoto na uso umevunjika. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima. Miaka yote hiyo, Nduku, yeye sikumuuliza. Hata siku moja. Nilikuwa na mdomo, na sikumuuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na hiyo ningeibeba. Hilo la kujilaumu kwake sikujua nilipeleke wapi.

Hayo yote ni ya mwezi uliopita. Tangu hapo nimemwambia shangazi, kwa simu, na alikata kabla sijamaliza, kisha akapiga tena baada ya saa nzima akilia. Nimemwambia mchungaji. Waliobaki wataisoma hapa. Najua wako watakaosema naropoka kwa uchungu wa msiba, na wako watakaosema mambo ya zamani yaachwe. Wale waliocheka siku ya ubatizo nawaomba kitu kimoja tu: mkimtaja Mumbua, mtajeni kama mtu aliyeishika kamba mpaka aliponyang'anywa, kisha akambeba aliyemnyang'anya mgongoni hadi barabarani.

Sasa nakaa mbele ya duka. Pazia nimelitoa. Napumua kwa pua usiku, na bado ni jambo la kunishangaza, hewa inaingia tu bila kuombwa. Asubuhi nikinawa uso naona kile ulichomwongoza daktari akiweke pale, na nimeacha kuuliza kama nilistahili. Nilichokuwa nacho cha kukupa kilikuwa kimoja, ukweli, na nilikucheleweshea. Nakuomba unisamehe, na sijui nikikuomba ni nani anayenisikia.

Mchana ule, baada ya kuniambia alichoniambia, baba aliweka koleo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa koti na kofia, katika joto lile. Mwaitu alitaka kumfuata. Akamwonyesha kwa mkono abaki. Alipanda peke yake mpaka kwenye kona ya juu ya shamba. Tuliokuwa uwanjani tulimwona akivua kofia, akikaa chini kando yako kwa shida kwa sababu ya goti lake, na midomo yake ikianza kusogea. Aliongea muda mrefu. Wakati mwingine alinyamaza na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeuliza na sasa anangoja kujibiwa. Aliporudi hakutuambia mlichoongea, nasi hatukumuuliza.

Pumzika, dada. Lawama nimeipokea mimi, mikono yako sasa iwe mitupu.

Mdogo wako,
Nduku